Theluji Tunayoiomba

Katika dua ya kufungulia swala aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) anamwomba Mola amsafishe na makosa kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Watoto wa madrasa yetu hapa Kasanda huihifadhi mapema. Maji wanayajua. Mvua ya mawe wanaijua pia, maana hutoboa majani ya migomba yetu. Theluji hawajaiona, wala sisi tunaowasomesha hatujaiona. Neno lenyewe tumelichukua kutoka Kiarabu, na kilele cha Kibo, mita 5,895, kiko upande wa pili wa nchi. Nako, tangu mwaka 1912, sehemu kubwa ya barafu yake imekwisha kuyeyuka.

Basi wanafunzi wa somo la sanaa walipotuomba chumba cha madrasa siku ya Jumamosi ili wauchore Mlima Kilimanjaro, tulikubali, tukawanunulia na kikopo cha rangi nyeupe. Hapo ujinga wetu ukadhihirika. Nyeupe juu ya karatasi nyeupe haikuonekana. Tukawaambia waongeze, karatasi zikalowa na kujikunja.

Binti mmoja, mkimya, hakukigusa kikopo chetu. Alipaka anga kwa buluu iliyozimuliwa kwa maji, akapaka mawe ya hudhurungi chini, na penye theluji akaiacha karatasi kama ilivyo. Kisha akapitisha kivuli chembamba cha buluu ubavuni. Mlima ukatokea.

Wakati huo akaingia mzee mmoja wa kamati. "Katibu, picha ndani ya madrasa?"

Tulimkumbusha, kwa adabu, namna Ibn Abbas (r.a.) alivyomwelekeza mchoraji kwenye miti na vitu visivyo na roho. Akanyamaza, akazipitia karatasi moja moja, akasimama kwenye moja.

"Na tembo huyu, katibu?"

Hatukuwa na jibu. Tembo akageuzwa jiwe, na mvulana aliyemchora hakufurahi hata kidogo.

Mwishowe mzee akaishika karatasi ya yule binti, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hii ndiyo ninayoiomba miaka yote," akasema. Akauliza kama ikikauka anaweza kwenda nayo nyumbani.