Tunyamazishe Kelele, Tusinyamazishe Watoto

Kelele za watoto ni dalili ya afya, lakini zipo zinazoondoa amani nyumbani. Sisi wauguzi tunaolala mchana baada ya zamu ya usiku tunazijua. Muuguzi asiyelala anaweza kukosea kipimo cha dawa, na anayeumia ni mgonjwa.

Hapa kwetu Mirongo, Mwanza, kelele ililetwa na zawadi. Mjomba wa watoto anayeishi Uingereza alituletea treni ndogo ya umeme pamoja na reli zake. Kijana wetu wa miaka 12 alikuwa mkimya sana tangu bibi yake afariki. Alizipigilia reli zile kwa misumari juu ya plaiwudi, na jioni ile tukamsikia akicheka na baba yake. Lakini treni ikipita, nyumba yote ilinguruma. Mpangaji wa chini, mwenye mtoto mchanga, alikuja kutueleza shida yake kwa adabu. Baba watoto akashauri treni iwekwe juu ya kabati. Tulisita. Tungepata usingizi, lakini je, kijana wetu angerudi katika ukimya wake?

Tukaamua kutafuta chanzo kwanza, kama tunavyompima mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Tulitandika vipande vya reli juu ya godoro, treni ikapita kwa sauti ndogo tu. Kumbe mkosaji alikuwa ubao! Plaiwudi nyembamba yenye uwazi chini ni kama ngoma. Mtetemo wa magurudumu hupita kwenye misumari, nao ubao huukuza.

Tazama reli kubwa, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Reli hufungwa kwenye mataruma, na mataruma hulala juu ya kokoto. Kokoto hugawa uzito, hupitisha maji, huzuia mataruma yasihame na hupunguza mtetemo. Reli ya mezani nayo inahitaji tandiko lake.

Ng'oeni misumari yote. Chukueni soli za ndala zilizochakaa, zenye unene sawa, mzikate vipande vyembamba kufuata njia ya reli. Unene ukitofautiana, treni itapanda na kushuka, kisha itaanguka. Bandikeni vipande hivyo kwenye ubao, halafu reli juu yake, kwa gundi inayobaki laini kama mpira ikikauka. Gundi nyeupe ya seremala hukauka ikawa ngumu, na kilicho kigumu hupitisha mtetemo. Pakeni kidogo tu, mkilaze kitu kizito juu mpaka ikauke. Skrubu inayopenya tandiko hadi kwenye ubao ni daraja la kelele, iepukeni.

Kabla gundi haijakauka, pitisheni kidole kwenye kila kiungo cha reli. Kidole kikikwama, gurudumu nalo litagonga hapo. Mwisho, pigilieni mbao za kuimarisha chini ya plaiwudi, na wekeni sponji chini ya miguu ya meza.

Kifaa cha umeme kisimamiwe na mtu mzima, na vipande vidogo vikae mbali na watoto wachanga, maana huweza kuwakaba koo.

Kazi hii ilituchukua Jumamosi mbili, baba na mwana wakikata ndala, sisi tukipaka gundi. Katika kazi hiyo kijana alianza kutusimulia habari za bibi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mngurumo ulipungua sana, ingawa haukuisha. Hivyo tukapanga saa pia: treni hailii wakati wa kulala kwa mtoto wa chini wala kwa mama wa zamu. Kijana aliziandika saa hizo mwenyewe, akazibandika ukutani.

Akina mama wenzetu, kabla ya kumfungia mtoto furaha yake kabatini, inameni kwanza mtazame chini ya meza. Huenda dawa ni ndala kuukuu tu.