Vichwa vya Kamba za Tanga

Kamba za matishari ya Tanga zilikuwa na vichwa. Hivyo ndivyo baba na wenzake walivyoyaita mafundo ya mviringo yaliyokaa mwishoni mwa kamba: kamba ya ndoo, kamba ya kengele, na zile mbili za kushikia mkono pembeni mwa ngazi ya melini. Kina cha gati kilikuwa kifupi. Meli zilitia nanga huko ghubani, na marobota ya mkonge yakapelekwa kwa tishari. Anayepanda ana viganja vilivyolowa maji ya chumvi, ngazi inayumba. Mkono ukiteleza unafika kwenye kichwa, unasimama hapo hapo.

Fundo lenyewe halikuzaliwa kwetu. Mabaharia wa majahazi walikuwa na mafundo yao ya henza na demani, yaani kamba za kupandishia na kushikia tanga, mepesi kufunga na mepesi kufungua. Hili lilitoka kwenye meli za matanga za Wazungu, ambako safari ilichukua miezi na mabaharia wakashindana kupamba kamba. Mmarekani Clifford Ashley alipotoa kitabu chake cha mafundo mwaka 1944, chenye maelezo yaliyopewa namba zaidi ya 3,800, mafundo ya namna hii aliyatengea sura zake. Baba hakukijua kitabu hicho. Alifundishwa na serahangi mmoja aliyezunguka sana na meli za Waingereza.

Nilipenda kumtazama akilifunga. Alifumua mwisho wa kamba ya mapote matatu kiasi cha shibiri mbili, akaikaza kwa uzi pale mapote yanapoanza kuachana. Pote la kwanza alilipitisha chini ya la pili, la pili chini ya la tatu, la tatu likaibuka ndani ya kitanzi cha la kwanza. Kisha akageuza mwendo na kwenda kwa juu: la kwanza juu ya la pili, la pili juu ya la tatu, la tatu likazama katika kitanzi cha la kwanza. Mpaka hapo ni fundo jembamba tu. Uzuri ulikuja katika mzunguko wa pili, kila pote likiandamana na lile lililokwisha kupita, mpaka mistari ikapishana miwilimiwili pande zote. Kukaza ndiko kulikompambanua fundi. Baba alivuta pote moja kidogo, akahamia la pili, akahamia la tatu, akarudia tena na tena, akitumia kijiti cha mpingo kilichochongwa ncha. Mwishowe aliliviringisha fundo sakafuni chini ya unyayo, akakata ncha. Kikatoka kichwa cha ukubwa wa limau dogo, huoni kilipoanzia wala kilipoishia.

Mkonge ulimsaidia. Nyuzi zake zina ukwaruzo. Zikishikana hazitaki kuachiana. Na Tanga mkonge haukuwa wa kutafuta. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakatanda mashamba mpaka Korogwe na Muheza. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Baada ya hapo nyuzi za plastiki zikaingia katika soko la dunia, bei ya mkonge ikaporomoka.

Kwetu plastiki iliingia kwa jina la kamba ya manila. Haiozi, ni nyepesi, inaelea. Muuzaji aliikata kwa kisu kilichopashwa moto na mwisho ukaganda wenyewe kuwa tone gumu. Kazi ya nusu saa ikawa kazi ya kiberiti. Baba aliijaribu kamba ile kwa fundo lake, lakini mapote yalikuwa laini na yenye kiburi, yakajinyoosha kila alipoyaachia. Alipopata njia ya kuyatuliza, hapakuwa na mtu wa kumsubiri.

Mengine yalifuata. Sasa gati zimechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafunga papo hapo. Mwongozo wa ngazi ya rubani unataka kamba za mkono ziwe na unene wa milimita 28 hadi 32, tena zisiwe na fundo lolote. Hilo silibishi, kwa sababu fundo linaweza kunasa mguu au boti iliyo chini.

Lakini ninalosikitikia ni kuona watu wakidhani moto umerithi kazi yote. Moto unazuia kamba isifumuke, basi. Tone la plastiki halizuii kamba kuchomoka kwenye kapi, na ncha yake ikivunjika inakata kiganja kama wembe. Wavuvi wa Sahare, hapa Tanga, wanalijua hilo. Upepo ukigeuka ghafla, demani huchomoka tunduni na tanga likabaki linapiga hovyo.

“Shikamoo mzee, nifungie na ya kwangu,” ananiambia kijana wa ngalawa, akinipa kamba ya manila ya buluu.

Namfungia, naye amekaa karibu akitazama mikono. Kwa manila nazungusha mara tatu badala ya mbili, na nakaza kidogo kidogo mpaka vidole viume. Kiberiti nakitoa mwisho kabisa, kuyeyusha ncha tatu zikiwa zimeshazama ndani ya fundo.