Si Vyote Vifananavyo Hupatana

Kompyuta kuukuu ya mezani, wanayojifunzia vijana wetu hesabu, ilikuwa nzito mno; wazazi wakachanga fedha za ramu mpya, DDR3 ya GB 4. Ilipopachikwa, kioo kikabaki cheusi. Fundi akasema mashine itupwe. Hatukuafiki, tulirudisha ramu ya zamani, na mashine ikawaka. Kumbe ubao wake mkuu, wa Intel G41 ya mwaka 2008, haupatani na chipu za gigabiti 4, na ramu ile ilikuwa na 8 za namna hiyo. Tukaibadilisha kwa nyingine ya GB 4, yenye chipu 16 za gigabiti 2, kazi ikaendelea. Basi, enyi wazazi, hesabuni chipu kabla ya kutoa fedha, wala msikitupe kilicho kizima.