Goma: Diski ya arusi yafika kwa mama mhami, kompyuta yakataa kuisoma

Diski ilifika Goma ndani ya sanduku la msafiri, imefungwa katika kitenge cha kijani ili isikwaruzike. Mama mmoja, mhami kutoka teritware ya Masisi, aliipokea kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na arusi ya binti yake wa kwanza, aliyefunga ndoa Marekani. Mama na binti walikuwa hawajaonana kwa macho tangu miaka tisa.

Familia inayompokea, kule Ndosho, iko na kompyuta moja ya zamani. Jioni hiyo umeme ulikuwapo. Watoto wakakaa kwenye mkeka, majirani wakaja na viti vyao, mama akavaa nguo zake za ibada. Diski ikaingizwa. Ikazunguka, ikanguruma, kisha mashine ikaitema. Wakaipangusa, wakairudisha. Ikaitema tena. Kwenye skrini, hakuna kitu.

"Labda imeharibika njiani," mama akasema. Majirani wakabeba viti vyao, wakaenda. Usiku huo hakula. Wakati wa kukimbia Masisi aliacha picha zote ukutani, na katika diski hiyo ndimo angeona tena sura ya mtoto wake.

Kesho yake aliitwa kijana mmoja fundi wa kompyuta wa mtaani. Aligeuza diski, akasoma maandishi madogo: Blu-ray.

"Mama, diski yako ni nzima," akasema. "Ni mashine ndiyo haina macho ya kuisoma."

Akaeleza. DVD ya kawaida inasomwa kwa mwanga mwekundu. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, inasomwa kwa mwanga wa buluu, ulio mwembamba zaidi. Kwa sababu hiyo alama zake zimeandikwa ndogo na zimesongamana sana. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4,7, Blu-ray ya tabaka moja inabeba 25. Mashine ya DVD mbele ya diski kama hiyo ni kama muzee anayetafuta kusoma Biblia ya herufi ndogo bila miwani: maneno yako, lakini hayaoni.

"Sasa miwani inapatikana wapi, papa?" mama akauliza.

Fundi akaenda kuazima kwa mpiga picha wa arusi mashine ya nje ya kusoma Blu-ray, inayochomekwa kwa waya wa USB. Kabla ya kuichomeka akauliza kama ni filamu ya dukani ao ni ya familia. Swali hilo lina maana. Filamu za dukani zimefungwa kwa ufunguo, na zinataka programu maalum ya kuzifungua. Tena nyingi zimegawanywa kwa kanda: za Amerika ni kanda A, za Afrika na Ulaya ni kanda B, na ya kanda moja inaweza kukataa katika nyingine. Hii ilichomwa na mpiga video wa arusi, haikuwa na ufunguo. Programu ya VLC ikaifungua.

Furaha ilikuwa ya dakika moja. Sauti ilitangulia, picha ikabaki nyuma, ikaruka, ikaganda. Kompyuta ilishindwa kufungua kwa haraka picha za 1920 kwa 1080. Na skrini yenyewe ni ya 1366 kwa 768, yaani karibu nusu ya nukta zilizo ndani ya diski. Hata kama ingekimbia vizuri, nusu ya ule uzuri isingeonekana.

Basi fundi akaamua kutengeneza nakala ndogo, inayolingana na skrini. Kazi hiyo ni ya masaa mengi. Usiku wa kwanza umeme ukakatika, betri ikaisha, kazi ikaanza upya. Siku ya tatu nakala ikawa tayari, ikawekwa kwenye flashi na ndani ya simu ya mama.

Majirani wakarudi na viti. Safari hii arusi ilionekana mwanzo hadi mwisho. Mahali pamoja mama akaomba wasimamishe. Katika mstari wa mbele wa kanisa, kiti kimoja hakikuwa na mtu. Juu yake kulikuwa na kitenge cha kijani kilichokunjwa.

Mama akasimama, akaingia chumbani, akarudi na kile kitenge kilichofunga diski. Akakiweka magotini. "Endeleeni," akasema.

Walio na ndugu ng'ambo wanaweza kujifunza hapa. Kabla ya ndugu kutuma, muulize: tutaangalia kwenye mashine gani? Aweke nakala ya MP4 kwenye flashi, hata kama anatuma pia diski nzuri. Na nakala isibaki mahali pamoja.

Mama ameshaamua yake. Diski imerudi ndani ya kitenge, na itangoja siku familia itakapopata mashine inayoiweza. "Lakini nikikimbia tena," anasema, "simu ndiyo itaondoka na mimi."