Mbwa mkubwa, watoto na safari ya Handeni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Manundu hapa Korogwe bado kuna giza. Simba ameshasimama mlangoni, mkia unagonga ubao. Binti yangu wa miaka kumi anatafuta viatu kwa tochi ya simu. Mdogo wake wa miaka sita anavaa sweta ambalo nusu saa baadaye atanipa nimbebee.

Simba ni mbwa chotara, nusu ni wa ile aina ambayo wengi huku tunawaita mbwa wa polisi. Ana kilo 35, yaani amemzidi binti yangu uzito. Tulimchukua akiwa mdogo wa kukaa kwenye boksi la viatu, kwa sababu wezi walikuwa wametusumbua. Hakuna aliyetuambia kwamba mbwa wa namna hii ukimfunga kamba mchana kutwa bila kumtembeza, anageuka kuwa mwizi wa pili nyumbani. Alitafuna kandambili, akachimba bustani ya mchicha, akabweka usiku mzima. Dawa ilikuwa moja tu: miguu.

Basi tukaanza kutembea. Tunafuata njia ya vumbi kuelekea mashamba ya mkonge, tunavuka reli ile ya Tanga ambayo Wajerumani waliifikisha Korogwe mwaka 1902, halafu tunakaa kwenye jiwe kusubiri jua. Upande wa kaskazini Milima ya Usambara inaonekana kama ukuta mweusi, kisha wa bluu, kisha unaanza kuona mashamba na moshi wa nyumba za watu huko juu. Bila mbwa huyu, watoto wangu wangekuwa bado wamelala na mimi nisingejua kwamba mlima ule hubadilika rangi mara tatu kabla ya chai.

Mkonge nao una masharti yake. Ncha ya jani lake ni sindano, nayo iko sawasawa na jicho la mtoto na la mbwa. Ndani ya mistari ya mkonge Simba hafunguliwi kamba. Mtoni pia hatuendi naye. Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wanauita Ruvu, una mamba, na mbwa anayekunywa maji ukingoni ni mwaliko.

Sharti lingine nililipata kwa jirani yetu, mama mtu mzima. Siku moja aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako simchukii, analinda hata nyumba yangu. Lakini akinigusa kwa mate nikienda kuswali, inabidi nirudi nikaoshe." Sikuwa nimelifikiria hilo. Tangu siku hiyo tunapita njia ya nyuma, mbali na msikiti, na kamba naishika mkono wa upande usio na watu. Yule mama sasa ndiye hutuuliza tukipitisha siku mbili bila kutoka: "Leo vipi, mbwa anaumwa?"

Mbwa wa kwenye theluji

Mwaka huu watoto waliona kwenye simu filamu ya mbwa wanaovuta kigari kisicho na magurudumu juu ya theluji. Kesho yake nilimkuta Simba amefungwa kwenye kigari cha miti, mdogo amekaa juu, dada mtu anapiga mluzi. Simba alilala chini akakataa kata kata.

Niliwaeleza kwamba wale mbwa, kama Husky na Malamute, wana manyoya ya tabaka mbili, na baridi inayogandisha maji ndiyo raha yao. Simba ana manyoya mazito kidogo tu, na joto la Korogwe linamtosha na kubaki. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili hasa kwa kuhema ulimi nje. Mwaka jana niliwahi kumtembeza saa nne asubuhi, akaanza kuyumba, ulimi mwekundu, mate mazito yakimtiririka. Tulimvuta kivulini, tukammwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, tukampepea kwa kanga mpaka akatulia. Ndiyo maana tunatoka alfajiri. Jua likishapanda, gusa lami kwa nyuma ya kiganja. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa sekunde chache, nyayo za mbwa nazo haziwezi.

Nikawasimulia pia habari ya mji wa Nome, kule Alaska. Januari 1925 watoto wa mji ule walishikwa na dondakoo, na dawa ilikuwa mbali. Ndege zilishindwa kwa baridi, meli zilizuiwa na barafu. Waendesha mbwa 20 wakapokezana dawa ile kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, wakaifikisha kwa siku tano na nusu. Mbwa wawili, Togo na Balto, wanakumbukwa hadi leo. Binti akauliza dondakoo ni nini. Nilichukua kadi yake ya kliniki nikamwonyesha: chanjo ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inakinga na dondakoo pia. Ndiyo maana yeye haujui ugonjwa huo.

Sikujua kwamba mazungumzo hayo yatarudi.

Dumu la maji

Babu yao mzaa mama anaishi kijijini, wilaya ya Handeni. Kutoka Korogwe mjini hadi Handeni mjini ni kama kilomita 65 za lami. Mabasi hayapakii mbwa wa kilo 35, kwa hiyo tulikodi pikapu, Simba nyuma pamoja na binti na mimi, mdogo mbele na mama yake. Ukiuacha mto, kijani kinapungua, miti inakuwa mifupi, unaanza kuona ng'ombe wa wafugaji na mbwa wembamba wakifuata nyuma yao.

Handeni na maji ni habari ya miaka mingi. Kuna mabomba yanayovuta maji kutoka Mto Pangani kuwapelekea, lakini kwa wengi vijijini ndoo bado inahesabiwa. Mbwa mkubwa anaweza kumaliza lita mbili au tatu kwa siku ya joto. Nilimwambia mke wangu kwamba siwezi kumwona mama mkwe anabeba ndoo kichwani halafu namwagia mbwa. Kwa hiyo tulibeba dumu letu la lita 20.

Mkwe wangu alimtazama Simba akacheka. "Huyu anakula debe," alisema. Mbwa wake watatu ni wadogo, rangi ya udongo, mbavu zinahesabika. Usiku hulala kwenye kilindo pembezoni mwa shamba la mahindi na kufukuza nguruwe pori. Mchana hupambana na ngedere na nyani. Binti akamuuliza kama mbwa wake wanaweza kuvuta kigari. "Huku anayevuta ni punda," babu akajibu. "Mbwa kazi yake masikio."

Siku ya pili, alasiri, mbwa wale watatu walianza kubweka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mbwa mgeni aliingia uani. Alitembea upande, taya limelegea, mate yanadondoka. Watoto walikuwa wanacheza chini ya mwembe. Simba aliruka akakabiliana naye, lakini kabla ya hapo yule mbwa alikuwa ameshampitia binti yangu kwenye ndama ya mguu. Vijana walitokea na fimbo, akakimbilia porini.

Niliutazama mguu. Alama mbili ndogo, damu kidogo, kama amechomwa na mwiba. Nakiri, nilisema, "Si kitu, ni mchubuko." Mkwe wangu hakunijibu. Aliita, "Sabuni! Leteni lile dumu la mbwa!"

Tuliosha kidonda kile kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya simu. Binti alilia, akaniambia inatosha, na mimi nilitaka kuamini kwamba inatosha. Babu yake akasema, "Mwaga tu, mkwe." Dumu liliisha, tukaendelea na ndoo ya mama mkwe. Jirani alileta mafuta ya taa na mwingine majani ya kusaga. Babu aliwashukuru akaviweka pembeni. Baada ya hapo bodaboda, mimi na binti, hadi hospitali. Alipata sindano ya kwanza jioni ile ile. Muuguzi aliandika tarehe za kurudi, akanitazama usoni: "Baba, tarehe hizi si za kuchagua."

Kichaa cha mbwa ukikipa nafasi mpaka dalili zianze, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kuumwa na dalili kwa kawaida huwa kuna wiki kadhaa au miezi, na katika nafasi hiyo maji, sabuni na sindano vinaokoa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wagonjwa wote wa kichaa hiki hukipata kwa mbwa, na watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto chini ya miaka 15. Ni hawa hawa tunaocheza nao uani.

Tarehe zilizobaki tulizimalizia Korogwe. Simba naye alikuwa ameumwa sikioni. Kwa kuwa chanjo yake ilikuwa hai, afisa mifugo alimchanja tena siku ya pili yake na kutuambia tumfunge peke yake na kumwangalia kwa muda aliotupangia. Mbwa wawili wa babu hawakuwa wamewahi kuchanjwa. Sitaeleza yaliyowapata. Mkwe wangu, aliyekuwa na mbwa watatu, sasa ana mmoja, na huyo mmoja ana kadi.

Mzazi mwenzangu

Kama una mbwa, awe wa kilo 35 au wa kulinda mahindi, mchanje kila mwaka na uitunze kadi yake pamoja na za watoto. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwa hiyo mbwa wako akichanjwa, mtoto wa jirani naye amekingwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, lakini usiingoje. Muulize afisa mifugo wa kata yako wiki hii.

Mfundishe mtoto asimguse mbwa asiyemjua, asimsumbue anayekula au anayenyonyesha, na akikutana na mbwa mkali asimame kimya, asikimbie. Zaidi ya yote, mwambie kwamba akiumwa au kuparuliwa aje aseme, hata kama alikuwa anafanya utundu. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha mguu wake.

Matembezi yetu hayakufa. Wiki mbili za kwanza binti hakutaka kutoka, nami sikumlazimisha. Siku moja alfajiri nilisikia tochi ya simu ikiwashwa, akitafuta viatu. Tulipofika kwenye jiwe, Usambara ikiwa bado nyeusi, aliniuliza, "Baba, wale mbwa wa Nome nao walichanjwa?" Nilimwambia sijui. Akamshika Simba sikio lenye kovu, tukasubiri jua.