Kipande Kidogo cha Lori Kuukuu

Lori kuukuu ni kama mzee wa nyumba: nguvu zake zimepungua, lakini mzigo wa jamaa ungali mabegani mwake. Sisi jamaa kadhaa wa Lubumbashi tunashirikiana lori moja la Bedford, lichukualo mahindi kutoka upande wa Kasenga hata mjini. Karo za watoto wetu hutoka katika mahindi hayo. Basi klachi ilipokataa, kikanyagio kikazama chini bila kurudi, kila nyumba iliingiwa na wasiwasi. Maana magunia yalikuwa yakingoja huko, na mvua ilikuwa karibu.

Yafaa tueleze kwanza klachi ya namna hii inavyofanya kazi. Mguu ukikanyaga, silinda ya juu husukuma mafuta ya breki katika bomba jembamba. Mafuta hayo husukuma pistoni ya silinda ya chini, nayo klachi huachia. Mafuta hayabanwi, ndiyo sababu nguvu ya mguu hufika mpaka chini. Lakini mipira ya ndani ikichakaa, mafuta huvuja na hewa huingia. Na hewa hubanwa, hata nguvu ikapotea njiani.

Kipande kipya kitatoka wapi? General Motors iliacha kuunda malori ya Bedford huko Uingereza mwaka 1986. Walakini Zambia ilitawaliwa na Waingereza hata mwaka 1964, na malori yao yalikuwa mengi huko. Kwa hiyo tulitafuta kwanza mjini kwetu, kisha tukaagiza kwa madereva wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Ndola.

Muuzaji mmoja wa mjini alituonyesha silinda ya chini iliyofanana na yetu kama pacha, akaapa kwamba ndiyo yenyewe. Baadhi yetu walikwisha fungua mikoba. Ndipo kijana wetu, mwanafunzi wa shule ya ufundi, alipoomba ruhusa ya kupima upana wa tundu la ndani. Yetu ilikuwa inchi 1, yaani milimita 25,4. Ile nyingine inchi 1 na 1/8, yaani milimita 28,6.

«Milimita tatu ni kitu gani?» akauliza mzee mmoja.

«Baba,» akajibu kijana kwa heshima, «eneo la duara hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. 9/8 mara 9/8 ni 81/64. Mafuta yaleyale yakiingia katika tundu pana zaidi, pistoni itasogea sehemu 64 tu badala ya 81. Tutapoteza karibu moja ya tano ya mwendo. Klachi haitaachia vizuri, na gia zitasagana meno.»

Tukamrudishia muuzaji silinda yake. Kisha fundi akafungua ile yetu ya zamani, akaona kuta zake hazina kutu wala mikwaruzo: mipira tu ndiyo iliyokufa. Mipira ya kipimo chetu ilifika kutoka Ndola kwa bei ndogo sana kuliko silinda nzima. Fundi aliisafisha silinda kwa mafuta ya breki, si kwa petroli wala mafuta ya injini, kwa kuwa hayo huvimbisha mipira. Mwisho alitoa hewa katika bomba, mtu mmoja akikanyaga, mwingine akifungua na kufunga nati chini, hata mafuta yakatoka bila povu. Magunia yakafika kabla ya mvua.

Basi, ninyi wenye lori la zamani, msiende dukani na jina la kipande tu. Chukueni kipande chenyewe, mkipime kwa ndani, tena mkifungue kabla ya kukitupa. Nanyi wanafunzi mnaonung'unika mbele ya hesabu za duara, jueni kwamba siku moja hesabu hizo zaweza kuokoa mavuno ya jamaa zenu.