Sisi Akina Nani?

Kiswahili kina kiambishi kimoja tu cha nafsi ya kwanza wingi. Nikisema "tutaondoka", anayenisikiliza ndiye atakayepambanua, kwa muktadha, kama naye yumo safarini ama anaagwa. Nimelelewa Tanga, na katika malezi yangu yote sikuona upungufu wowote katika hilo. Ilinibidi nifike Tahlequah, jimboni Oklahoma, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, ndipo silabi hiyo moja ilipoanza kunisumbua.

Tahlequah ni makao makuu ya Taifa la Cherokee. Majina ya mitaa yake yameandikwa kwa Kiingereza na kwa hati ya silabi aliyoikamilisha Sequoyah mnamo 1821, ilhali mwenyewe hakujua kusoma Kiingereza. Hata hivyo lugha yenyewe i taabani: mwaka 2019 mataifa matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya dharura kwa ajili yake, wasemaji fasaha wakikadiriwa kuwa 2,000 hivi.

Nilikaa huko majuma manane, na jioni nikifundishwa na mzee mmoja. Kitenzi chao hakikunitisha, kwani nacho hubeba viambishi kama chetu. Kilichonishangaza ni kwamba kitenzi cha "kupa" hubadilika kwa kadiri ya kinachotolewa: chenye uhai, kimiminika, kinachokunjika, kirefu kigumu, au kinginecho. Anayeomba maji hatamki sawa na anayeomba blanketi. Kisha mzee akanifunulia "sisi" zao nne: mimi na wewe, mimi na yeye, wewe humo, sisi sote, nawe ukiwamo, mimi na wao, wewe ukiwa nje.

Nililichukua kuwa somo la sarufi hadi siku tuliyokuwa kando ya kitanda cha bibi mmoja mwenye kisukari, ambaye kidole chake cha mguu kilikuwa kimeoza. Daktari, mgeni kama mimi, alisema kwa upole, "Tumeamua kukikata." Mkalimani akanyamaza. Halafu akamgeukia daktari na kumwuliza, "Sisi akina nani? Bibi yumo?"

Hakuwa akimkosoa. Lugha yake haikumpa njia ya kutafsiri bila kujua jibu.

Daktari alivuta kiti akaketi. Bibi akauliza yaliyokuwa moyoni mwake: je, ataweza kulima bustani yake? Akianguka usiku, nani atasikia? Aliomba siku mbili azungumze na wanawe. Aliporudi alitoa uamuzi yeye mwenyewe, na mkalimani akatueleza kwamba alitumia ile "sisi" iliyotujumuisha sote chumbani. Kidole kilikatwa, mguu ukapona.

Waweza kusema kwamba matokeo yangekuwa yale yale. Huenda. Lakini watu hawa wanajua gharama ya "sisi" isiyo na mipaka. Mkataba wa New Echota wa 1835 ulitiwa saini na kikundi kidogo kisichokuwa na idhini ya serikali ya taifa lao. Kikundi hicho kilisema kwa niaba ya wote, na mkuu wa taifa, John Ross, akaupinga. Seneti ya Marekani iliuidhinisha vivyo hivyo, na katika 1838 na 1839 Wacherokee wakafurushwa kutoka milima yao ya mashariki. Maelfu walikufa kwa baridi, njaa na maradhi.

Sidai kwamba Kiswahili ni maskini. Tunazo njia zetu: "mimi nawe", "sisi sote", "sisi wenzako". Tatizo ni kwamba sarufi haitulazimishi kuzitumia, na penye haraka ya wodini hakuna anayejilazimisha. Sasa husema, "Mimi na daktari twapendekeza hivi, wewe, bibi, waonaje?" Sentensi hurefuka kidogo, na mara nyingi jibu hurefuka zaidi.

Enyi washairi, nanyi mna kazi hapa. Ubeti husema "tu-" kwa wepesi mno: tulipigana, tulipenda, tumekubali. Nitafurahi kusikia kutoka kwenu, hasa mnaozijua lahaja za pwani na lugha jirani: je, kuna mahali kwetu ambapo msemaji hulazimika kutaja aliyeachwa nje?